Anayeonja Kwanza

Duka la dawa likikosa wateja, mwenye duka hulalamika. Nakijwa hakulalamika. Aliogopa.

Kwa miaka yote aliyokaa nyuma ya dirisha la duka hilo hakuwahi kuona asubuhi tupu kama hii. Mlimandani ni mji uliochimbwa ndani ya milima ya Upare baada ya jua la nje kuanza kupasua mawe, na chakula chake ni kimoja tu, uji mzito unaochachushwa kwenye matangi. Watu waliuita makande kwa heshima ya mababu, ingawa ndani yake hamkuwa na hindi wala haragwe. Ulikuwa mchachu wa kukunja uso, na aliyeuzoea hakukosa kiungulia. Ndiyo maana foleni haikuwahi kukatika dirishani: watu wameshika vifua, wanacheua, wanagombania nafasi, maana hawa ni wajukuu wa wale waliotaniwa kwamba wangeuza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku. Nakijwa alikuwa amezoea ugomvi wao. Sasa alisikia feni za hewa tu zikivuma handakini.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mzee Mgonja, mkuu wa matangi na mtunza kibuyu cha pombe cha mtaa. Hakushika kifua. Alitembea wima kama kijana.

"Shikamoo, Mzee Mgonja."

"Marahaba, Bi Nakijwa. Nimemfuatia mjukuu dawa. Namsi anaharisha tangu juzi, sasa hata maji hayakai tumboni."

"Mmempeleka zahanati?"

"Yuko huko. Pamejaa, watoto wanalazwa wawili wawili kitanda kimoja. Wameniambia nije kwako nichukue zile pakiti za kuongeza maji mwilini, zao zimekwisha."

Nakijwa alimpa alizokuwa nazo. Kisha akamwangalia vizuri. Huyu ndiye mzee aliyekuwa akilala ameketi kwa sababu akijinyoosha tu tindikali ilimpanda hadi kooni. Dozi yake ilikwisha zamani, na hakurudi.

"Na kiungulia chako, mzee?"

Mzee Mgonja alicheka. "Nimekisahau. Nilipomaliza dozi yako nilijua kitarudi, hakikurudi. Na si mimi peke yangu. Tangu ile harusi ya msimu uliopita, kila aliyekunywa kwenye kibuyu changu amepona. Kina baraka kile. Ninyi wenye maduka mtatafuta kazi nyingine."

Nakijwa hakucheka. Aliingia ndani akarudi na kinyuzi cha kupimia, uzi mwembamba unaomezwa na kuvutwa nje baada ya muda mfupi. Tumbo linalofanya kazi huutoa ukiwa mwekundu. Mzee aliumeza kwa kunung'unika, wakasubiri, na ulipovutwa ulikuwa wa kijani, kana kwamba ulichovywa kwenye maji ya kunywa.

"Ni vibaya?" aliuliza mzee.

"Nenda kwa mtoto kwanza," alisema Nakijwa.

Alipobaki peke yake alimeza kinyuzi kingine mwenyewe. Yeye hakuwahi kutumia dawa ya kiungulia maishani mwake, ila harusini alikunywa kama wengine. Uzi ulitoka wa kijani. Akakaa juu ya kasha la dawa.

Dawa yenyewe iliitwa Tulizo, nayo ilikuwa hai. Ilikuwa punje ndogo kuliko ulezi. Ukiimeza hujishikiza kwenye ukuta wa tumbo, na baada ya wiki mbili huanza kuzifunga tezi zinazotoa tindikali. Ilitolewa kwa cheti cha daktari tu, mtu mmoja tumbo moja, na ikishatimiza wiki nane hufa yenyewe, kwa sababu tumbo halikuumbwa likae bila ukali wake. Ukali huo ndio unaoua vijidudu vya chakula kabla havijafika kwenye utumbo. Nakijwa alikuwa akiwaeleza watu hivyo kila siku, na kila siku aliongeza maneno mawili ambayo hakuna aliyeyatilia maanani: usimpe mwenzako, na usinywe pamoja na kitu cha miwa, kwa sababu sukari ya muwa huilisha punje ikaendelea kuishi na kuzaana.

Mlimandani dengelua, pombe ya miwa, hainyweki ovyo. Mwenye pombe huonja kwanza kutoka kwenye kibuyu, ndipo mgeni apokee, ili ijulikane kwamba hamna sumu. Na mwenye kiungulia kilichoanza kutulia bado hucheua. Kilichomo tumboni hupanda hadi mdomoni, na kutoka mdomoni huingia kibuyuni, na kibuyu huzunguka ukumbi mzima.

Hivyo ndivyo mji wote ulivyotulizwa, kwa adabu njema.

*

Mtoto wa kwanza alifariki siku iliyofuata. Hakuwa Namsi, alikuwa wa fundi bomba wa handaki la chini. Kijidudu chenyewe kilikuwa cha kawaida, kile kile kilichokuwamo kwenye matangi tangu zamani na ambacho hakuna tumbo lililowahi kukijali.

Nakijwa alirudi nyumbani akamkuta mama yake, Mama Nanzia, anakuna kichwa cha jirani na kumsimulia umbea. Mama huyu alipendwa na mtaa mzima. Watu walimletea kesi zao kabla ya kuzipeleka barazani, na akisema jambo ni la kweli, ni la kweli. Alisubiri jirani aondoke.

"Uso wako umeingia ndani," alisema. "Sema."

Nakijwa alimweleza yote. Stoo ya famasi ilikuwa na dawa ya kuamsha, iliyotengenezwa kwa ajili ya ajali kama hii. Kikombe kimoja kinaua punje zote, na tumbo hurudi kazini. Tatizo ni jinsi linavyorudi. Tumbo lililofungwa muda mrefu likifunguliwa ghafla humwaga tindikali kuliko ilivyokuwa mwanzo, na kwa wiki kadhaa mwenye tumbo huungua kifua hadi alie. Aliye mzima huvumilia. Mwenye kidonda cha tumbo anaweza kutoka damu.

"Kwa hiyo ungeweza kuimwaga kwenye tangi la maji," alisema mama, "na watu wangeshtukia tu vifua vinawaka."

"Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Nilikula kiapo kwamba sitamnywesha mtu dawa asiyoijua, mama. Na wenye vidonda wangekufa bila kujua kilichowaua. Nitawaambia. Nitasema wenye vidonda wasinywe, watengwe, kikombe chao, sahani yao, waendelee na Tulizo kwa cheti mpaka wapone. Wewe utakuwa wa kwanza kutengwa."

Maana Mama Nanzia alikuwa na kidonda, upande wa chini wa tumbo, kipana kama ukucha wa kidole gumba. Kilionekana kwenye kamera ya kuchungulia tumboni, na aliyekiona ni daktari aliyekwisha kuhamia mji mwingine, na Nakijwa aliyetoa dawa. Mama hakutaka mtu mwingine ajue. Alisema mtu akishajulikana mgonjwa hapewi tena kesi za kuamua, anapewa pole.

Sasa alizungusha pete kidoleni.

"Watu wa Mlimandani nawajua kuliko wewe," alisema mwishowe. "Ukitangaza kwamba wenye vidonda hawanywi, na mama yako mwenyewe akawa hanywi, kesho mji mzima utakuwa na vidonda. Nani atakubali kuungua kifua kama mfamasia amemficha mama yake chumbani?"

"Nitawapima kwa kamera, mmoja mmoja."

"Kamera moja, mji mzima. Watoto watakusubiri?"

Nakijwa alihisi hasira, hasira ya mtoto anayeona mzazi anakwenda mahali asipoweza kumfuata.

"Mficha maradhi, mama," alianza.

"Kilio kitamfichua. Mimi ndiye niliyekufundisha hiyo." Mama alisimama akajifunga kanga. "Na wewe ulinifundisha nyingine. Siri ya mgonjwa haitoki kwa mfamasia. Ulisema hata mkuu wa mji akikuuliza humwambii. Ni kweli au ulikuwa unajisifu?"

*

Matanga ya mtoto wa fundi bomba yalikusanya watu hadi wakakaa kwenye ngazi za ukumbi. Hapakuwa na dengelua, Nakijwa alikwisha kuizuia, na watu walinuna kwa hilo zaidi ya walivyohuzunika. Alisimama mbele akaeleza taratibu, kuhusu punje, kibuyu, miwa, na kijidudu cha matangini. Hakuficha kitu. Alisema kila atakayekunywa dawa ya kuamsha ataungua kifua, asije mtu akasema hakuambiwa, na kwamba hiyo ndiyo dalili kuwa tumbo limeamka. Alisema mwenye kidonda asinywe, aje kwake faraghani. Alisema mmoja akibaki na punje na akaonja chakula cha wenzake, kazi yote itakuwa bure.

Ukumbi ulinung'unika. Mwanamke mmoja aliuliza kama hawezi kuwapa watoto tu. Nakijwa akajibu kwamba watoto hulishwa na wakubwa, na mkubwa gani wa Mlimandani hamwonjei mtoto uji?

Mzee Mgonja alisimama. Alikuwa na kibuyu chake, kimejazwa dawa badala ya pombe, na alikishika kwa kusitasita. "Bi Nakijwa, hatukatai. Ila mila unaijua. Mwenye kitu huonja kwanza."

Nakijwa alipokea akanywa mkupuo mkubwa, mbele ya macho yote. Dawa ilikuwa chungu, na ulimi ulikufa ganzi.

"Wewe ni mfamasia," ilisema sauti kutoka kwenye ngazi. "Unajua cha kumeza ukifika nyumbani. Aonje mkubwa wa nyumba yenu."

Watu waliguna kukubali. Ndiyo mila pia. Nyumba yenye mzee, mzee ndiye huonja. Mama Nanzia alikwisha kuinuka kabla sauti haijamaliza. Alikuwa amevaa kanga zake za msibani, zimepigwa pasi.

"Mama amezeeka," Nakijwa alisema, na akasikia sauti yake inapanda. "Wazee tutawatazama baadaye."

"Uzee si kidonda," alisema mama, na baadhi ya watu wakacheka. Alimgeukia bintiye, akamtazama usoni kwa utulivu. "Ama nina kidonda mimi? Sema mbele za watu, mfamasia."

Nakijwa alijua kwamba neno moja lingetosha. Angelisema, mama angeketi, na watu wangeinuka mmoja mmoja kushika matumbo na kuondoka, na wale watoto wawili wawili kitandani wangepungua kwa njia ile mbaya. Angelinyamaza, watu wangekunywa wakimwamini mwanamke ambaye hajawahi kuwadanganya, siku moja tu aliyoamua kuwadanganya. Alimpenda mama yake na wakati ule ule alimchukia kwa kumweka pale. Alitafuta njia ya tatu, hakuiona.

Alinyamaza.

Mama Nanzia alipokea kibuyu akanywa, akajifuta mdomo kwa pindo la kanga, akakirudisha kwa Mzee Mgonja. "Chungu," alisema, "lakini nimewahi kula mapishi ya shemeji yangu." Watu walicheka tena, wakapanga foleni. Mzee Mgonja alikipitisha kibuyu kwa kila mtu, akikijaza kila kilipopungua, na yeye mwenyewe akakipeleka mdomoni wa mwisho, wakati watu walikwisha kugeuka kukunja mikeka.

*

Foleni ilirudi dirishani. Watu walikuja wakiwa wamejikunja, wanacheua moto, wanamlaani Nakijwa na ukoo wake, na mmoja aliapa kumfungulia kesi mara akipata nguvu za kusimama barazani. Aliwapa maji ya chokaa ya kutuliza, akawaambia kila mmoja yale yale: kula kidogo kidogo, usilale mara baada ya kula, inua kichwa cha kitanda kwa tofali, na usiombe wala usigawe dawa ya jirani. Laana zao zilimfariji. Kila kifua kilichowaka kilikuwa tumbo lililoamka. Zahanati ilianza kupunguza wagonjwa, na Namsi, walisema, ameruhusiwa kurudi kwa babu yake.

Nyumbani mama alikaa ameegemea ukuta, magoti yamekunjwa, kanga imebanwa chini ya chembe cha moyo. Hakulalamika, jambo ambalo lilimtisha Nakijwa kuliko kilio. Asubuhi ile alitapika, na kilichotoka kilikuwa cheusi na chenye chengachenga, kama machicha ya kahawa. Nakijwa alijua maana yake. Ilikuwa damu iliyokaa tumboni na tindikali. Punje mpya ya Tulizo ingehitaji wiki mbili ianze kazi, na chokaa haizibi kidonda. Alikuwa ameomba gari la wagonjwa kutoka mji wa chini, na dereva alijibu kwamba hawezi kutoka mpaka jua litue, lami inayeyuka.

"Mwaga hilo beseni kabla watu hawajaja," alisema mama. "Usiache alama."

Nakijwa alilimwaga, akaliosha, akarudi akakaa karibu yake, akamshika mkono uliokuwa baridi. Alimwambia kwamba watoto wanapona. Mama alifumba macho akatabasamu kidogo, halafu akaomba pazia lifungwe.

Hodi ilipigwa muda mfupi baadaye. Alikuwa Mzee Mgonja, amevaa vizuri, kibuyu chake mkononi.

"Nimepita nyumba kwa nyumba kushukuru," alisema. "Dengelua kidogo tu, ya kuondoa uchungu wa dawa yako. Watu wamefurahi. Nyumba yenu nimeiweka mwisho, kwa heshima." Alikiinua kibuyu, akaonja, akamnyooshea. Kilikuwa chepesi. Kilikuwa kimekwisha kuzunguka mtaa.

"Si nilizuia dengelua?"

"Ulizuia matangani, Bi Nakijwa. Matanga yamekwisha."

Nakijwa alimtazama. Mzee alisimama wima. Uso wake ulikuwa mkavu, hauna mikunjo ile aliyoiona siku zote hizi dirishani.

"Kifua chako vipi, mzee?"

"Changu? Kizuri. Wengine wanalia, mimi Mungu amenipendelea."

Ilichukua muda kwa maneno hayo kufika mwisho wake.

"Hukunywa," alisema Nakijwa.

Mzee Mgonja aliangalia chini. "Niliweka mdomoni."

"Nilisema mbele ya mji mzima."

"Nilikusikia." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe hujawahi kulala umeketi, Bi Nakijwa. Nilikuwa naogopa kitanda kama mtu anavyoogopa kaburi. Nikasema, mtu mmoja atadhuru nini."

"Namsi yuko nyumbani?"

"Tangu jana. Anakula vizuri sasa. Leo nimemlisha uji mwenyewe."

"Ulimwonjea?"

Mzee alikitazama kibuyu mkononi mwake, na Nakijwa akamwona anaanza kuelewa, nyumba moja baada ya nyingine, akirudi nyuma katika matembezi yake ya asubuhi. Nakijwa alikichukua kile kibuyu akakipindua mlangoni. Dengelua ilienea juu ya sakafu ya mawe hadi kwenye viatu vya mzee. Kumwagia mtu pombe ya shukrani ni tusi ambalo Mlimandani limewahi kuamuliwa kwa faini ya matangi mawili.

"Kanishitaki," alisema.

Kutoka nyuma ya pazia mama aliita kwa sauti iliyochoka. "Nani huyo, Nakijwa?"

"Mzee Mgonja, mama. Amekuja kushukuru."

"Mbona mnasimama mlangoni? Mkaribishe. Mpe kitu anywe."

Kwenye rafu ilibaki chupa moja ya dawa ya kuamsha. Ingetosha watu wachache, nyumba moja labda, na mtaa ulikuwa na nyumba nyingi. Nakijwa aliichukua, akamimina kikombe, akaonja kwanza. Kifua chake chenyewe kilikuwa kinawaka tangu juzi. Kisha akamnyooshea mgeni.

Nyuma ya pazia mama alianza kutapika tena. Mzee Mgonja alisikiliza. Alikitazama kikombe, akatazama pazia lililomficha yule aliyeonja mbele ya mji, na mkono wake haukuinuka.